Fundi Brashi na Ndege wa Mwenzake

Jumatatu, Fundi Brashi alishinda shindano la kuchora nembo mtandaoni. Alhamisi alinyang'anywa ushindi na akaunti yake ikafungwa. Zawadi ile ingenunua cherehani tatu. Yeye alihitaji moja tu, ya kumrudishia mkewe badala ya ile waliyoiuza.

Mambo yalianza hivi.

Fundi Brashi ni mchoraji wa mabango. Ana miaka ishirini na miwili kazini. Mtaani kwao, kinyozi ni mkono wake, bucha ni mkono wake, hata yule daktari wa meno mwenye jino kubwa kama jokofu ukutani. Lakini watu walianza kuchapisha mabango ya plastiki kwa mashine, na brashi zikaanza kukauka.

Ndipo akasikia habari za mashindano. Kampuni inataka nembo, inatangaza zawadi mtandaoni. Wachoraji wa kila nchi wanatuma kazi zao, na kampuni inachagua moja.

"Mama Pacha," alimwambia mkewe, "kwa mkono huu, nani wa kunishinda?"

"Mkono wako siutilii shaka. Kompyuta utaitoa wapi?"

Fundi akatupa jicho kwenye cherehani. Mkewe akaona.

"Usithubutu!"

"Miezi mitatu tu, mke wangu. Nitakurudishia, tena ya umeme."

"Wewe bomba la bafuni umeahidi kulitengeneza tangu pacha hawajaota meno. Sasa wako darasa la nne."

Alimbembeleza wiki mbili. Mwishowe Mama Pacha aliitia cherehani mafuta, akaifuta vumbi, akasema, "Haya, ichukue. Wateja wangu wakija nitawaambia nini, shauri yangu."

Kompyuta ikanunuliwa. Fundi akajifunza kuitumia, na akajifunza upesi. Siku ya kujisajili kwenye tovuti ya mashindano, masharti yalikuja marefu kama mkeka. Hakuyasoma. Alibonyeza "nakubali" kama mtu anayeitikia salamu.

Shindano la kwanza, patupu. La kumi, patupu. Mteja akija na kazi ya ukuta, Fundi alimwambia, "Rudi wiki ijayo, nina kazi ya nje." Wateja wanne hawakurudi. Katika miezi saba aliingia mashindano hamsini na matatu. Alipata zawadi mbili ndogo, nazo zilibaki ndani ya akaunti kwa sababu hazijafika kiwango cha chini cha kutolewa.

Shindano la hamsini na tatu lilikuwa la kampuni ya maji. Walitaka ndege. Fundi akatafuta mtandaoni, akampata ndege mzuri ajabu, mabawa yamekunjuka. Akamnakili kwa mkono, unyoya kwa unyoya, akambadilisha rangi.

Wala hakuona kosa. Kazi ya mabango ndivyo ilivyo. Mteja huja na picha kwenye simu, anasema, "Nichoree kama hii." Ukifananisha sana, unasifiwa. Ukikosea, hulipwi.

Washiriki walikuwa mia mbili na kumi na watatu. Ndege wake akashinda. Mama Pacha alicheka siku ile, mara ya kwanza tangu benchi la kushonea libaki tupu.

Alhamisi ukaja ujumbe wa wenye tovuti. Fundi aliusoma mara mbili asiuelewe, akaupeleka kwa Dada Wino, jirani mwenye duka la uchapaji.

Dada Wino alivaa miwani. "Kaka, ndege huyu ulimtoa wapi?"

"Nimemchora mwenyewe! Kila unyoya!"

"Umemchora mwenyewe, ndege wa mwenzako. Mwenyewe amemwona, amelalamika."

"Lakini nilibadilisha rangi."

"Ukiiba mbuzi ukampaka chokaa, amekuwa wako?"

Fundi akasema kwa uchungu, "Miaka ishirini na miwili nalipwa kwa kunakili."

"Najua. Na ukutani hukuwahi kukamatwa kwa sababu mwenye picha hapiti mtaani kwetu. Mtandaoni anapita. Picha ina mwenyewe, hata kama huoni jina lake. Hiyo ndiyo hakimiliki. Kwenye masharti ipo, mstari wa sita. Hukusoma?"

"Nilibonyeza."

"Basi sikiliza. Chora ulichokiona kwa macho yako. Kabla hujaingia shindano, soma masharti. Huyaelewi, lete hapa tusome. Angalia kama zawadi imehakikishwa, maana wengine hukusanya michoro halafu hawamlipi mtu. Tazama washiriki ni wangapi. Wakiwa mia mbili, mmoja analipwa, wengine wote wamefanya kazi ya bure. Hii ni pesa ya nyongeza, kaka. Huiachii kazi, na huiuzii kitendea kazi cha mkeo."

"Wanaweza kunifungulia akaunti?"

"Hapana."

"Na zile zawadi mbili?"

"Zimekwenda nayo."

Nyumbani, Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hiyo cherehani yangu imeliwa na ndege?" Akaenda kuosha vyombo.

Fundi alibadilika, na hilo lisemwe. Sasa anaingia shindano moja kwa mwezi, kwenye tovuti nyingine, baada ya kusoma masharti na Dada Wino. Anachora anavyoviona: mikono ya fundi viatu, paka wa dukani, mlango wenye kutu. Asubuhi anafanya mabango. Mwoka mikate amempa kazi ya lebo, na nusu ya malipo hutangulia. Mwezi wa tatu wa kufanya hivyo, alipata zawadi kwa mchoro wake mwenyewe. Ilikuwa robo ya bei ya cherehani.

Gharama ya somo ni hii. Miezi saba. Mashindano hamsini na matatu. Zawadi tatu zilizopotea. Wateja wanne wa ukuta, na wa kushonewa wote. Cherehani moja, ambayo mwenye karakana ya ushonaji aliyeinunua hataki kuiuza. Mama Pacha amekwenda kuomba kibarua kwake. Kila asubuhi anaketi mbele ya cherehani ile ile, na kwa kila gauni analipwa theluthi ya alichokuwa akipata nyumbani.