Risaga ya Simu

"Kwani hao watu wanawalipa kwa nini, na hakuna kitu mnawauzia?"

Mzee Osoro alimwuliza Kemuma swali hilo siku moja wakichuma chai, yeye upande wake wa ua na Kemuma upande wa kwao, kule karibu na Itumbe. Kemuma, msichana wa Gredi ya Saba, hakuacha kuchuma. Alieleza kwamba kaka yake Josiah ana tovuti ya kilimo. Anaandika jinsi mama yao anavyotunza ndizi na mboga, anatia picha, na watu wa mbali wanasoma. Kando ya maandishi, kampuni fulani huweka matangazo ya wauzaji wa mbegu na mbolea.

"Msomaji akibonyeza tangazo, Josiah anapata kitu kidogo," alisema.

"Kubonyeza tu?"

"Ndiyo, mzee. Kubonyeza tu."

"Na mmenyamaza siku hizi zote. Hiyo si ni kazi ya risaga?"

Huko kwao, risaga ni majirani kulima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, bila kulipana. Kemuma alijua kwamba kampuni ilikuwa imekataza jambo kama hilo. Josiah alikuwa amemsomea masharti: mwenye tovuti asibonyeze matangazo yake, wala asiombe watu wambonyezee. Lakini Josiah alikuwa amemaliza kidato cha nne, na tovuti ndiyo iliyokuwa tegemeo lake la karo ya chuo. Kemuma akaendelea kuchuma.

Jioni majirani walikutana kwa mzee Osoro na simu zao. Mjukuu wake Sheila, rafiki ya Kemuma, aliwaonyesha pa kubonyeza.

"Nyanya, si hapo kwa ndizi. Ndizi ni picha tu. Bonyeza mbolea."

"Mbolea nimebonyeza mpaka mahindi yameota," nyanya yake akajibu, na watu wakacheka.

Waliendelea hivyo wiki nzima. Kemuma akipita hapo alitazama chini.

Kisha kampuni ikasimamisha matangazo. Josiah alisoma ujumbe mara mbili, akageuza kompyuta ili mama yao, Mong'ina, aone.

"Wanasema wanaobonyeza si wasomaji wa kweli. Wamekosea. Nitawaandikia kwamba hapa hakuna mtu aliyeombwa kubonyeza."

Mama alikuwa akimenya ndizi. "Una hakika?"

"Mama, wewe na Kemuma ni mashahidi wangu."

Kemuma aliona vidole vya kaka yake vikianza kuandika.

"Usiandike hivyo," alisema. "Ni mzee Osoro na majirani. Mimi ndiye niliyemweleza, na sikumwambia kwamba imekatazwa."

"Ulijua?"

"Ulinisomea."

Josiah aliondoa vidole kwenye kompyuta. "Wakifunga kabisa, Kemuma, hawanifungulii tena. Unaelewa?"

Kemuma alielewa. Ndiyo maana alikuwa akilia.

Mzee Osoro aliposikia, alikuja na shauri. "Andika kwamba hukujua. Kwani ni uongo? Wewe hukujua."

"Yeye hakujua," Mong'ina alisema, "lakini nyumba hii ilijua. Aandike yote."

Josiah aliandika yote, na Kemuma aliketi kando yake mpaka barua ikatumwa. Kesho yake Kemuma alienda nyumba hadi nyumba, akawaeleza majirani kosa lake, na kuwaomba waache.

Jibu lilikawia. Lilipofika, lilisema matangazo yatarudishwa, na malipo yote ya ile wiki yatakatwa. Josiah alimpa dada yake kompyuta asome mwenyewe.

Mzee Osoro alikuja kumshukuru Mungu pamoja nao. Alipewa chai, akanywa, akasogeza kiti.

"Sasa kumetulia," alisema. "Tuwe tunabonyeza polepole. Leo watu wawili, kesho mmoja. Hawatajua."

Mong'ina aliweka birika chini.

"Mzee, wewe ni jirani mwema, na ulitaka kumsaidia mtoto wangu. Lakini ukija kunisaidia kuchuma chai, hiyo ni risaga. Ukija kunisaidia kulowesha majani ili uzito uongezeke, huo ni wizi, hata tukiufanya pamoja tukiimba. Mwenye mbolea analipa akidhani amepata mnunuzi, na sisi tunampelekea kidole kitupu. Karani anayepima chai asipoona, Mungu ameona." Akamgeukia binti yake. "Nawe Kemuma, shika hili. Anayejua ukweli akanyamaza wakati wengine wanakosea, amekosa pamoja nao. Uliposema, ndipo ulipomsaidia kaka yako."

"Ndiyo, mama."

Mzee Osoro alitazama simu iliyokuwa mkononi mwake. Aliizima, akaitia mfukoni mwa koti, akachukua kofia yake, akatoka.