Nafasi Kando ya Clem

Upondo ulianza kutoa maji siku ya Jumanne, Beryl Tranter akiwa anapiga pasi.

Ulikuwa umelazwa juu ya viti viwili sebuleni kwake: mti mrefu kama watu wawili, mweusi kwa moshi, wenye kulabu ya chuma nchani. Kwa miaka mia na zaidi ulitundikwa juu ya meko ya baa, na kila mtu kijijini Thornhythe alijua ni upondo wa mwenye mashua fulani wa zamani. Beryl aliuazima kwa ajili ya maonyesho ya historia ya kijiji. Kazi ile ilikuwa ya mumewe, Clem. Clem alikufa Februari kabla ya kuimaliza, naye Beryl akaishika kwa sababu tu ilikuwa pale mezani. Hakulia mazikoni, wala hakulia baadaye. Watu walimsifu kwamba ana moyo wa chuma, akawaacha waseme. Ukweli ni kwamba hakuwa akihisi kitu chochote, raha wala karaha.

Sasa matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kulabu hadi kwenye zulia. Akaweka bakuli chini yake, akaendelea na pasi.

Asubuhi bakuli lilikuwa limefurika, na chumba kizima kinanuka matope ya mto na majani yaliyooza. Beryl akavaa koti akaenda baa kwa Desmond Yapp.

"Des, huu mti wako unatoa maji."

"Mti gani? Ule umekauka kuliko mama mkwe wangu! Kaangalie mabomba yako, Beryl."

Watu wa Thornhythe hawana habari na mashetani. Mto huingia jikoni mwao kila baada ya miaka michache, na lolote lenye maji wana jibu lake: bomba. Fundi akaja, akagonga ukuta hapa na pale, akanywa vikombe viwili vya chai, akasema mabomba ni mazima.

Siku ya tatu, saa kumi na nusu alasiri, giza la mapema la Novemba likiwa limeshatanda, mlango wa nyuma uligongwa mara tatu kwa kiganja kilicholowa. Nje ya mlango ule kuna bustani, kisha mto, basi. Hakuna mgeni anayepitia huko. Beryl akafungua. Hakuona mtu, ila nyayo mbili kubwa za maji kizingitini, vidole vimeelekea ndani.

Alifunga mlango, akakaanga mayai yake.

Kesho yake nyayo zilifika jikoni. Keshokutwa yake, saa ileile, alikuwa ameshika kikombe chake aliposikia kiti cha Clem kikilia vile kilivyokuwa kikilia kinapokaliwa, na ile harufu ya matope ikaja ikamjaa puani na kooni, na maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye kiti kitupu, yakashuka kwenye miguu ya kiti, yakavuka sakafu polepole kama yanayotafuta njia, yakaingia ndani ya ndara zake, ya baridi, na humo ndani ya baridi ile ikatoka sauti ya mtu anayejaribu kusema na kinywa kimejaa tope: "Nilale wapi? Nilale wapi?"

Beryl aliweka kikombe chini, akampigia simu mchungaji.

Mchungaji Philippa Strood alikuja na Des, ambaye safari hii hakuwa na utani. Walikaa jikoni wote watatu, wakikipa mgongo kile kiti kilicholowa. Philippa akafungua jalada la karatasi za Clem.

"Beryl mpenzi, hukusoma hiki alichokinakili kutoka kwenye kitabu cha kanisa?"

"Sijakifungua."

"Ule mti si wa mashua." Philippa alishusha sauti. "Zamani maiti akielea akanasa upande wetu, ni wetu. Lazima tumzike hapa, kwa gharama yetu. Basi wazee wa hapa wakachonga upondo. Akionekana, wanamsukuma kwa kulabu mpaka mkondo umchukue, awe shida ya Cold Marling, kijiji cha ng'ambo."

"Mungu wangu," Des akanong'ona. "Na mimi nimeuacha juu ya wanywaji!"

"Ameandikwa mmoja. Mwanamume, jina halijulikani, koti la buluu. Mto ulimrudisha mara tatu. Wakamsukuma mara tatu."

"Basi tuutupe huo mti mtoni, yaishe!" alisema Des.

"Tukiutupa," alisema Beryl, "tutakuwa tumemsukuma mara ya nne."

Nyuma yao maji yalikuwa bado yakidondoka.

"Anataka kuzikwa," alisema Philippa. "Hapa kwetu."

Hakuna aliyemtazama Beryl, kwa sababu wote walijua. Makaburi ya kanisa yamejaa. Anayekufa siku hizi huvushwa daraja akazikwe Cold Marling. Imebaki nafasi moja tu, kando ya Clem, nayo iliandikwa jina la Beryl tangu zamani.

"Siwezi kukuomba kitu kama hicho," alisema mchungaji.

"Umeshaomba."

Katika dunia nzima Beryl alikuwa amebakiwa na kitu kimoja anachokitaka: kulala pale, ubavuni mwa mtu aliyelala naye miaka arobaini na sita. Alikitazama kiti kwa muda mrefu.

"Mpeni," alisema mwishowe. "Clem hakuwahi kumfukuza mtu mlangoni."

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, walimzika. Jenezani mlikuwa na vipande vya upondo tu, Des mwenyewe aliukata kwa msumeno, mzigo ambao mtu mmoja angeubeba. Lakini wanaume wanne walilibeba jeneza wakihema, na Des, aliyezoea mapipa ya bia, aliangukia magoti mara mbili njiani, maji yakimtiririkia shingoni. Mchungaji akasoma maneno ya mazishi, kaburi likafukiwa.

Beryl alisimama akiangalia matuta mawili yaliyokaa karibukaribu, mumewe na mtu asiyemjua hata jina. Kitu kikamchoma kifuani. Kilikuwa kitu cha kwanza alichohisi tangu Februari, na kilikuwa wivu.

Nyumbani kiti kilikuwa kikavu. Harufu imeondoka. Jumapili ikapita salama.

Jumatatu, saa kumi na nusu, mlango wa nyuma uligongwa.

Safari hii viganja vilikuwa vingi, vingine vikigonga juu, vingine chini kabisa karibu na kizingiti. Beryl akafungua. Nyayo za maji zilijaa njia yote ya bustani kutoka ukingoni mwa mto, za wanaume, za wanawake, na nyingine hazizidi kidole chake cha shahada. Kitabu cha kanisa kiliandika mmoja. Hawa hawakuandikwa, ila walikuwa wamesikia kwamba Thornhythe sasa wanapokea.

"Tulale wapi?"

"Kule kumejaa," alisema Beryl. "Hata mimi sina tena pa kulala."

Hawakuondoka. Maji yalisogea kidogo, yakangoja. Nyuma yake nyumba ilikuwa kimya, kama ilivyokuwa kila jioni kwa miezi tisa.

Beryl akaufungua mlango wote.

"Haya, ingieni," alisema. "Futeni miguu."