Matairi ya Kuonwa na Watu

Ndugu wa Lubunga na ninyi wa ng'ambo ya mto, hasa mnaofanya kazi peke yenu, nisikilizeni. Asubuhi za Agathe zilikuwa tulivu. Alichemsha chai, na mumewe Médard akainywa kabla ya kushuka bondeni kuchimba mabwawa ya samaki kwa jembe. Hawakusema mengi. Msiba ulikuwa bado nyumbani: Basile, kaka yake Agathe, aliangukiwa na ukingo wa udongo akichimba peke yake.

Kazi ilipoongezeka, waliamua kununua mashine ndogo ya kuchota udongo. Papa Célestin, muuzaji wa ng'ambo, alikuwa nazo mbili.

"Hii ya matairi inakimbia barabarani," alisema. "Ile ya minyororo ya mpira iko polepole, na lami inaimaliza. Lakini kwenye matope haizami ovyo. Kwenu udongo iko namna gani?"

"Ya mufinyanzi, papa. Mvua ikinyesha, hata mutu anaacha viatu mule," Agathe alijibu.

"Na nani atakuvuta ukikwama?"

"Niko peke yangu," Médard alisema.

"Alors, chukua minyororo."

Médard alicheka. "Papa, arrosage tutaifanya namna gani na mashine ya kubebwa juu ya lori kama mugonjwa?"

Mnajua desturi yetu ya arrosage: chombo kipya lazima kimwagiwe bia, kisha kipite kwa wakwe kikipiga honi. Tonton Arsène, mjomba wa Agathe, aliwahi kumwita Médard mtu wa jembe. Médard alitaka mjomba huyo amwone akipita.

"Basile naye alikuwa peke yake," Agathe alinong'ona.

"Basile hakuwa na mashine."

Basi wakachukua ya matairi. Watu walicheza, bia ikamwagika, tonton Arsène akapiga makofi. Udongo ulipokuwa mkavu, kazi ilikwenda vizuri, na Médard akazoea kuondoka bila kusema anakwenda bwawa gani.

Mvua ikaja. Mchana mmoja Agathe alibeba chakula, akazunguka mabwawa mawili bila kumwona. Kisha akasikia injini ikilia kwa nguvu.

Mashine ilikuwa imeinama ndani ya bwawa jipya. Matairi yalizunguka bure, kila mzunguko ukiizamisha zaidi. Mlango ulikuwa mmoja tu, wa mbele, na tope lilikuwa limeuziba. Dirisha la nyuma lilifungwa kwa nondo kwa sababu ya wezi. Ndani, maji yalimfika Médard kiunoni.

"Zima moteur," Agathe alimwambia. "Unajizika mwenyewe."

Alikimbia mtoni kuwaita wavuvi. Mvuvi Jérémie na wenzake walikuja na mbao na kamba za mitumbwi. Waliifunga mashine isiendelee kuzama, kisha Agathe akaingia topeni pamoja nao, wakachota kwa mikono hadi mlango ukafunguka.

Médard alitoka akitambaa juu ya mbao.

"Tonton Médard, matairi yako iko mazuri sana," Jérémie alisema. "Peleka kwenye ndoa."

Hata Agathe alicheka, huku machozi yakimtoka.

Mashine ilipotolewa na kusafishwa, papa Célestin alikubali kuibadilisha. Ile ya minyororo ilivuka mto juu ya lori, kimya kimya. Sasa mabwawa yana samaki, na Médard, kabla ya kuwasha injini, humwambia mkewe anakwenda wapi na atarudi lini. Siku za mvua humwita Jérémie asimame ukingoni. Siku nyingine hufanya kazi peke yake kama zamani, lakini kuna mtu anayejua alipo.

FUNZO

Tusichague chombo cha kazi kwa ajili ya macho ya watu. Tuulize udongo kwanza: penye sementi na barabara, matairi yanafaa, penye tope, minyororo. Na hakuna mashine inayoweza kwenda kuita majirani. Leo ukitoka nyumbani, sema unaelekea upande gani.