Siku Kumi za Pamba

Kila asubuhi Kokushubila aliondoa majani ya zamani sakafuni, akatandika mapya. Nyumba yake ilikuwa Ijuganyondo, karibu na mji wa Bukoba. Mwaka ulikuwa 1954. Mumewe, Kashaija, alikuwa na shamba la kahawa na migomba. Mbwa wao mweupe, Pamba, alilala mlangoni.

Jumanne moja Pamba alimwuma mtoto wa jirani. Mtoto huyo, Sada, alikuwa na miaka sita. Alikuwa amemkanyaga Pamba mkia. Mama yake, Ashura, aliliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha akampeleka hospitali siku ile ile.

"Umefanya vema," daktari alisema. "Mbwa yuko wapi?"

Wakati ule kichaa cha mbwa kilikuwa kimeonekana upande wa Muleba. Jioni hiyo akaja Bartholomayo, msaidizi wa mifugo, na kamba mkononi.

"Unakwenda kumwua?" Kokushubila aliuliza.

"Hapana, waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya. "Nitamfungia katika banda la serikali siku kumi. Mbwa aliyeuma akiwa na kichaa, ugonjwa utadhihirika ndani ya siku hizo, naye atakufa. Akiwa mzima siku ya kumi, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku alipouma."

"Na akifa kwa sababu nyingine?"

"Tutapeleka ubongo wake maabara, mbali sana. Hatutangoja jibu. Sada ataanza sindano. Kumi na nne, za tumboni, moja kila siku."

Ashura alikuwa amesimama karibu, amemshika Sada mkono. "Basi asife," alisema.

Bartholomayo hakuwaficha hali ya banda. Sakafu ilikuwa ya saruji, na mvua ilipiga ndani. Mbwa walikuwa kumi na mmoja, pamoja na Pamba. Chakula kilikuwa unga tu, na mtumishi alikuwa yeye peke yake.

"Nitakuja kumpikia," alisema Kokushubila.

"Huruhusiwi kuingia. Fanya kazi nyumbani kwako. Pika ndizi na utumbo wa mbuzi, bila chumvi, bila vitunguu. Kata nyasi kavu za kulalia. Mimi nitapita na baiskeli kila asubuhi. Nataka pia magodoro ya gunia."

Wote wakamtazama Ashura. Mumewe, Hamidi, alikuwa fundi cherehani.

"Mimi mbwa simshiki," alisema Ashura.

"Sikuombi umshike."

Ashura alifikiri. "Haya. Gunia si mbwa."

Kashaija aliporudi shambani alikuta sufuria kubwa jikoni. "Mbwa kumi na mmoja wanapikiwa! Na mimi je?"

"Wewe hujafungiwa," mkewe alimjibu. "Menya ndizi."

Siku nne zilipita. Kila asubuhi Ashura alikuja kumwuliza Bartholomayo neno moja: "Anakula?" Kila asubuhi alijibu, "Anakula."

Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Kokushubila alitoka kanisani mapema, akachinja kuku kabla Bartholomayo hajapita. Sehemu ya Pamba aliifunga peke yake katika jani la mgomba.

Siku ya sita Bartholomayo alikuja amechelewa. Hakushuka baiskeli.

"Pamba hali," alisema. "Kinywa kiko wazi. Anatokwa na udenda."

Ashura aliketi chini. "Ndicho kichaa?"

"Dalili zinafanana. Bado sijui." Akamgeukia Kokushubila. "Mama, jana ulimpikia nini?"

"Kuku! Shingo, mabawa, na mifupa yote. Mbwa hupenda mifupa."

"Nilisema utumbo."

"Nilitaka apate nguvu."

"Mfupa uliopikwa hupasuka na kuwa na ncha kali. Huenda umemkwama. Lakini kwa kutazama tu siwezi kutofautisha."

"Basi utoe!" Ashura alisema.

"Kwa mkono? Sitatia mkono katika kinywa cha mbwa huyu. Na ninyi msithubutu kamwe. Nitamwita daktari wa mifugo."

Siku ile Kokushubila hakula. Cherehani nyumbani kwa Ashura ililia mpaka jua likatua.

Siku ya saba daktari wa mifugo alivaa glavu nene. Walimbana Pamba shingo kwa mti mrefu wenye kitanzi, wakamchoma dawa ya usingizi. Kwa koleo refu daktari alichomoa mfupa uliokwama katikati ya magego.

"Amepona?" Kokushubila aliuliza habari zilipomfikia.

"Mfupa umetoka," alijibu Bartholomayo. "Siku saba si kumi."

Siku ya nane Pamba alikunywa maji. Siku ya tisa alikula. Tangu hapo Kokushubila alipitisha vidole katika kila sufuria mara mbili kabla ya kuifunika.

Siku ya kumi Bartholomayo alimleta Pamba kwa kamba. Alikuwa mzima. Daktari wa hospitali alikwisha kusema: hakuna sindano.

Ashura alimpa Bartholomayo gunia jipya lililoshonwa.

"La mwisho hili?" aliuliza Bartholomayo.

"Umebaki na mbwa wangapi?"

"Kumi."

"Basi la mwisho la nini?"

Kokushubila naye alileta sufuria. Masika yote yale hakuna mbwa aliyekufa kwa baridi wala njaa bandani.

Sada alimtazama Pamba aliyelala mlangoni. Kisha akazunguka kwa mbali, upande usio na mkia.