Simu ya Meza ya Wendell

Mnanisumbua na kisa hiki kama vile mimi ndiye niliyekufa. Haya.

Rafiki yangu Darlene alikuwa mapokezi katika ofisi ya bima hapa Toledo. Kurt, bosi wao, aliwahamishia jengo jipya na simu zao zilezile, asibadilishe anwani kwenye mtambo wa simu, ile wanayoiona watu wa dharura mtu akipiga. Wendell wa ghorofa ya nne alipobanwa kifua, akapiga 911, namba ya dharura. Gari la wagonjwa likaenda jengo la zamani, ng'ambo ya mto. Akafa akilisubiri.

"Rekebisha anwani, Kurt," Darlene akamwambia.

"Kwani mmepanga kufa kwa zamu, dada?"

Kurt akaing'oa tu simu ya Wendell, basi.

Wiki mbili baadaye, mchana kweupe, mtu akapiga 911 humo ofisini. Kioo cha simu ya Darlene pale mapokezi kikaonyesha: ghorofa ya nne, meza ya Wendell. Hakuna aliyewahi kuyaandika maneno hayo kwenye mtambo. Akapanda mbio na watu wa gari la wagonjwa, ambao safari hii maneno hayohayo yaliwaleta jengo sahihi. Meza ilikuwa tupu, ila kwenye waya wa simu uliokatwa mtu alikuwa akihema.

Aliyepiga ni Kurt, chini, ofisini mwake, kiharusi kimemwangusha. Walimpata nusu saa baadaye. Alilipa kwa sauti yake: hasemi tena, anahema tu, na Darlene anaijua ile pumzi: ndiyo ya kwenye waya.