Mababu Kumi na Wawili

Buna, 1948. Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma, kwa Rukiyo muuza chai. Hirsi, kiongozi wa genge, alichora barabara mchangani kwa fimbo.

"Lori la sukari linapita korongoni saa tano. Sugow anaangusha mti. Keinan anamshika dereva. Damu sitaki."

Keinan aliitikia kwa kichwa. Jina lenyewe la kuokota hilo. Alizaliwa Mamo, Mborana, mwana wa Gababo. Mwaka mzima alijifanya Msomali wa ukoo wa Hirsi, kakariri mababu kumi na wawili wasio wake, na akiulizwa huwataja bila kumeza mate. Genge lilimlisha, likamwita ndugu. Wakijua ni uongo, kwisha habari yake.

Saa tano.

Lori lilisimama mbele ya mti. Keinan akamtoa dereva kwa mtutu wa bunduki. Juu ya magunia alikaa mwanamke mzee, kibuyu cha maziwa mapajani.

"Mamo?"

Alikuwa Tiya, mama yake. Miaka mitatu hawajaonana.

"Mamo, mwanangu, ni wewe?" aliuliza kwa Kiborana.

Sugow aligeuka. "Huyu anamwita nani?"

"Simjui," alisema Keinan. "Kachanganyikiwa. Mshushe."

Mwanamume mzima, na bunduki mkononi, akashindwa kumtazama mama yake usoni.

Tiya aliitazama bunduki, akamtazama Sugow. Akaelewa. "Nimekosea," alisema kwa Kisomali cha kuungaunga. "Wangu alikufa."

Aibu ilimchoma Keinan mpaka masikioni.

Saa sita kasorobo.

Ngamia wa genge, waliofichwa korongoni, walishapakiwa sukari. Keinan akashika kamba ya yule wa mwisho. Hirsi akamnyang'anya, na bunduki pia.

"Wewe baki."

"Nimekosa nini, adeer, ami yangu?"

"Nilikusikia kisimani ukimbembeleza ngamia kwa Kiborana. Tangu mwezi wako wa kwanza kwetu. Nikanyamaza, kwa sababu mtu wa kazi ni mtu wa kazi, awe wa kwa nani. Lakini leo umemkana mama yako mbele yetu. Askari wakikushika, sisi utatuuza asubuhi hiyohiyo."

Wakaondoka. Dereva naye alikuwa anakimbia kuelekea Buna kuita askari.

Tiya alimimina maziwa kwenye kifuniko cha kibuyu, akampa kwa mikono miwili, jinsi anavyopewa mpita njia.

"Kunywa, mgeni. Wewe ni mwana wa nani?"

Alifungua mdomo. Wale mababu kumi na wawili wakamjia upesi, mmoja nyuma ya mwingine. Jina la baba yake, Gababo, likagoma kutoka.