Sosiot Katika Mtutu

Asubuhi ya Jumanne moja ya Aprili, mwaka wa 1994, gobore la marehemu baba yake Johana lilimeza. Sijapata neno jingine la kuieleza sauti iliyotoka mtutuni.

Johana alikuwa ameketi nyuma ya nyumba yake, karibu na Ndanai, akiisafisha silaha hiyo ya kizamani inayoshindiliwa baruti kwa mdomo. Tumbili walikuwa wanamaliza mahindi yake, naye alitaka kuwatisha kwa mlio mmoja tu. Brashi ya bunduki hakuwa nayo. Akachukua sosiot ya mkewe, yaani ule ufito wa mtende uliopondwa ncha, ambao akina mama wa Kikipsigis husafishia kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, na hawaugusishi na kitu kingine chochote. Akaupaka mafuta, akausukuma hadi chini. Ndipo iliposikika sauti ile ya kumeza. Alipouvuta ufito, haukuja.

Akamimina maji ya moto mtutuni, nalo likawa kosa la pili, kwa kuwa ufito ulivimba. Alikuwa akiuvuta kwa koleo mkewe Chelimo alipomwita kutoka ndani.

"Baba Aron! Mtoto ameacha titi."

"Si ameshiba?"

"Hajashiba. Ameacha katikati, kama mtu ameitwa."

Mtoto huyo, Aron, alikuwa na umri wa wiki tatu. Tangu saa ile hakunyonya tena. Hakulia wala hakupata homa. Aligeuza kichwa tu kuelekea ukuta wa nyuma, akawa kama anayesikiliza. Jumatano walimpeleka zahanati. Muuguzi akampima, akatazama kinywa chake, asione ugonjwa wowote, akawashauri wamnyweshe kwa kijiko. Kila kijiko kilichoingia kilirudi.

Alhamisi mchana Johana alimwita Osoro, fundi wa baiskeli sokoni, mtu wa kutoka upande wa Kisii. Alifanya hivyo kwa sababu hakuweza kukaa nyumbani akimtazama mwanawe akikonda, na kazi ya bunduki ilikuwa kazi anayoielewa.

"Nyinyi watu wa Ndanai!" Osoro alicheka. "Mnasafisha bunduki kama kibuyu ya mursik? Sasa unangoja ikupe maziwa?"

"Fanya kazi, wacha maneno."

"Iko na baruti?"

"Tangu mzee afe haijashindiliwa."

Osoro akafungua kile kichuchu cha nyuma kinachovikwa fataki ya kuwashia baruti, akapachika mpira wa pampu ya baiskeli, akaanza kupampu ili upepo uusukume ufito utoke. Alipampu mara arobaini. Upepo wote uliingia, na hakuna mahali ulipotokea. Kisha mkono wa pampu ukaanza kushuka wenyewe, taratibu, ukivutwa kutoka ndani. Osoro akaacha kucheka. Akauchomoa mpira, akaweka sikio kwenye tundu.

"Mzee," akanong'ona, "kuna mtu humu ndani. Ananyonya."

Wakati huo huo mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, mawe makubwa ya kupasua majani ya chai, nao wakakimbilia ndani, na Johana, bila kufikiri, akaingia na gobore mkononi.

Chumba kikajaa harufu ya maziwa yaliyochacha na baruti iliyoungua. Chelimo aliketi kitandani na mtoto mapajani, na ile sauti ya kunyonya ilipozidi mtutuni, sauti ya kinywa chenye kiu ya miaka mingi, kifua cha gauni lake kikalowa, maziwa yakamtoka hali hakuna aliyemgusa, yakitoka kwa mapigo yale yale ya sauti ile, naye akahisi mwili wake ukikamuliwa na kitu kisichokuwa na mikono. Johana akainuka kulitoa gobore nje, lakini alipofika mlangoni mtoto alikata pumzi, midomo ikawa rangi ya zambarau, na Chelimo akapiga kelele kumwita arudi, naye aliporudi pumzi ikarudi. Akajaribu tena, pumzi ikakatika tena, hata akasimama katikati ya chumba asiweze kwenda mbele wala nyuma, na mvua imewafungia wote mlango.

Mama yake Johana, Phyllis, alikuwa kando ya moto. Hakuwa amelitazama gobore hata mara moja.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Siku ile ya kumwitia mtoto majina."

Kwa desturi yao, mtoto mchanga huwekewa ugoro puani, huku wanawake wakimtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja. Jina atakalolipigia chafya ndilo la yule aliyerudi ndani yake.

"Mama, ulisema umesikia chafya," Chelimo akanong'ona.

"Hakuna chafya nilisikia. Lilikuwa limebaki jina moja, nikaliruka. Kipkosgei."

Johana akageuka. "Ndugu ya baba? Si alikufa kwa homa?"

"Hivyo ndivyo baba yako aliwaambia. Alikufa kwa hiyo kitu umeshika. Hakuwa ameoa, hakuacha mtoto. Hakuna mama amemtaja katika boma hii tangu siku hiyo. Na sasa umempelekea maziwa kwa hiyo sosiot."

"Basi mtaje, mama!" Osoro akasema. "Mtaje aende!"

"Haendi, kijana yangu. Akitajwa, anakuja."

Wote wakamtazama Chelimo. Alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, na hata ile siku ya majina aliikubali kwa heshima ya mkwe wake tu. Akaweka kiganja juu ya mbavu za mtoto, akazihesabu kwa vidole.

"Mtaje," akasema. "Niachiwe mtoto akiwa hai."

Phyllis akachukua ugoro, akainama. "Kipkosgei, uko hapa?"

Mtoto akapiga chafya.

Sauti ya mtutuni ikakatika. Sosiot ikateleza yenyewe, ikaanguka sakafuni, ncha yake nyeupe kwa maziwa. Mtoto akalitafuta titi kwa kinywa, akalipata, akanyonya kwa nguvu hata Chelimo akalia kwa maumivu na kwa furaha. Osoro alifungua mlango akatoka katika mvua ile ile ya mawe, pampu yake akaiacha.

Johana akaliegemeza gobore ukutani, akamgeukia mama yake.

"Mama, bunduki ilifyatuka yenyewe, ama baba alimpiga?"

"Mimi sikuwa huko. Walikuwa wawili tu msituni," Phyllis akajibu. "Mmoja tulimzika mwaka juzi. Mwingine ndiye huyo ananyonya."

Johana akamtazama mwanawe. Kinywa kiliendelea kunyonya bila kupumzika, lakini macho, ambayo kwa wiki tatu hayakuwa yameweza kukifuata kitu chochote, yalikuwa yamemkazia yeye.